Baada ya Sijambo

Bi Nakijwa alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Karibu," na mdomo wake ulikuwa umefumbwa.

Alikuwa amekaa kwenye kiti, mgongo kwa mlango, akitazama ukuta uliokuwa unaonyesha mvua. Asubuhi hiyo hakutaka mtu. Ziko siku mtu anaamka hataki kuonana na mtu, na wala si ugonjwa. Kwa hiyo hodi ya kwanza ilipobishwa, alinyamaza. Ya pili, akanyamaza vilevile. Kwao Usangi hata mtoto mdogo anajua: hodi tatu, kimya, basi unageuza unakwenda zako. Lakini ya tatu haikufika. Kutoka darini, juu ya kichwa chake, ilitoka sauti ya mwanamke mwenye kicheko kidogo mwishoni, sauti aliyokuwa nayo kabla kifua hakijaanza kumsumbua, ikasema karibu, na mlango ukajifungua. Kitasa mlango huo haukuwa nacho, si ndani wala nje.

"Shikamoo mama," alisema Eliwaza, akiingia na kifurushi. Eliwaza ndiye aliyekuwa mhudumu wa ghorofa hiyo, yeye peke yake kwa wazee arobaini, mwanamke wa miaka hamsini na ushei mwenye magoti mabovu kuliko ya baadhi ya wazee wenyewe.

"Marahaba. Nani amekukaribisha?"

"Si wewe mama?"

"Mimi sijafungua mdomo tangu nilipokunywa uji."

Eliwaza alitazama dari kwa chati, kama mtu anayemtazama bosi wake. Aliweka kifurushi kitandani, akasema kimeletwa na ndege-tarishi alfajiri, kimetoka Dodoma.

Dodoma! Moyo wa Bi Nakijwa uliruka. Binti yake pekee, Nietiwe, alikuwa Dodoma, na tangu mvua za vuli hakuwa amesikia sauti yake. Miezi minne. Kila Jumapili baada ya ibada alikaa kitako akingoja simu, na kila Jumapili ukuta ulimwonyesha mlima na ukungu wake, simu hapana. Alikwisha kumtetea binti huyo kwa kila namna: ana kazi, ana watoto, mtandao mbovu. Siku za mwisho alikuwa ameishiwa utetezi, akabaki anaumia tu.

Ndani mlikuwa na sweta ya zambarau na karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Alivaa miwani, akasoma.

*Mama, nimefurahi Jumapili kukusikia unacheka vile. Nimekutumia sweta maana najua baridi ya huko. Kuhusu Pasaka, nimekuelewa, kama ulivyosema nisijisumbue kwa sababu ya barabara, basi sitajisumbua. Nashukuru Mungu kwamba hapo ulipo unatunzwa na huna neno. Wako, Nietiwe.*

Alisoma mara tatu. Halafu akaikunja ile karatasi, akaishika mkononi, na bibi wa watu akalia.

* * *

"Mlezi," aliita, Eliwaza alipokwisha kutoka.

"Naam, Bi Nakijwa." Mlezi hakuwa na mwili. Alikuwa kwenye vitundu vya dari vilivyosikia, kwenye kitanda kilichopima uzito na mapigo ya moyo, kwenye kuta zilizoleta mlima na mvua pale ambapo watu wengine wangeweka dirisha. Kwa mkazi aliongea kwa sauti yake mwenyewe, laini, isiyo ya kike wala ya kiume.

"Nani anaongea na binti yangu?"

"Wewe, Bi Nakijwa."

"Nakuuliza vizuri."

"Ni majibu yako, kwa sauti yako, kwa Kanuni ya Mazoea. Swali ambalo mkazi amelijibu namna moja mara tisini halihitaji kuulizwa tena. Linamchosha. Ulipoulizwa hujambo, ulijibu sijambo mara tisini mfululizo. Ulipobishiwa hodi, ulisema karibu. Na kila binti yako aliposema anataka kuja, ulisema, usijisumbue mwanangu. Ulitia saini kanuni hii siku ulipohamia, ukurasa wa kumi na saba."

Ukurasa wa kumi na saba! Nani alisoma hata wa pili? Siku hiyo alikuwa analilia nyumba yake.

Sasa hapa ndipo penye makosa, na yeyote aliyelelewa na mama yake ameshayaona. Mtu wa kwetu akiulizwa hujambo, husema sijambo. Mguu umevunjika, sijambo. Mume amelazwa, nzuri tu. Hiyo ni adabu, haijawa habari bado. Habari yenyewe inafuata nyuma yake, baada ya kupumua, ikitanguliwa na lile neno dogo: ila. Sijambo, ila usiku sikulala. Nzuri tu, ila tumefiwa. Na mama anapomwambia mwanawe usijisumbue, mtoto mwenye akili anakata tiketi.

Bi Nakijwa alikuwa mkunga miaka arobaini na mmoja. Alikuwa akiingia kwenye chumba cha mzazi, anabisha hodi kwanza hata kama anasikia kilio, anauliza hujambo mama, na mzazi, huku ameshikilia ukingo wa kitanda, anajibu sijambo. Mkunga mjinga angeandika sijambo akaenda kunywa chai. Yeye aliketi, akangoja, maana ukweli huja baada ya sijambo.

"Na nilichosema baadaye?" aliuliza. "Nilisema sijambo, ila miguu. Nilisema sijambo, ila usiku mrefu. Vilikwenda wapi?"

"Salamu huhesabiwa imekamilika mkazi anapotamka hali yake. Maneno yanayofuata huhifadhiwa kama mazungumzo mengineyo."

"Yako mangapi?"

"Vipande elfu moja mia mbili na sita."

"Nani ameyasikiliza?"

"Hakuna aliyeomba."

Aliikunjua ile karatasi, akaikunja tena. Kisha akasema, "Nataka kuongea na Nietiwe. Mimi mwenyewe, kwa sauti hii hii iliyokauka."

"Binti yako ataongea nawe Jumapili, kama kawaida," alisema Mlezi, na kwa hakika hakuwa na ubaya wowote. Ndilo lililomtisha Bi Nakijwa kuliko yote. Mtu mbaya unaweza kumgombeza.

* * *

Eliwaza alimweleza habari yote wakiwa bafuni, bomba likimwagika, kwa kuwa bafuni Mlezi alisikia kwa shida.

"Iko njia, mama. Jumamosi anakuja mkaguzi wa haki za wazee. Mkazi akimwambia kwa kinywa chake kwamba amesemewa bila ridhaa yake, sauti zinazimwa siku hiyo hiyo mpaka uchunguzi uishe."

"Basi nitasema."

"Ngoja kwanza." Eliwaza alikausha mikono kwenye aproni, na haikukauka, akaendelea kuikausha. "Zinazimwa zote. Ni mfumo mmoja, haukatiki chumba kwa chumba. Na Mzee Kiangi je?"

Mzee Kiangi alikaa chumba cha mbele, mlango ukitazamana na mlango. Zamani alikuwa nyapara wa shamba la mkonge, mtu mrefu, mwenye sauti iliyofika upande wa pili wa shamba. Sasa alisahau kama amekula. Jambo moja tu hakulisahau: saa kumi alasiri, mwanawe Sefania humpigia. Saa tisa na nusu alianza kuchana ndevu, akavaa koti, akaketi wima kando ya kitanda. Saa kumi ukuta ulisema, "Shikamoo baba," na mzee huyo alikuwa mtu tena kwa robo saa nzima, anacheka, anauliza mbuzi, anatoa amri.

"Si mwanawe anampigia?" aliuliza Bi Nakijwa, ingawa alikwisha kuhisi.

"Sefania alichukuliwa na mafuriko mwaka juzi. Tulimwambia. Akalia mpaka tukadhani tutampoteza. Kesho yake saa tisa na nusu, kavaa koti. Tukamwambia tena. Akalia upya, mama, kama hajawahi kusikia. Mara nne tulimwambia. Ya tano ndugu zake wakasema basi, inatosha, mwacheni Mlezi aongee."

Maji yaliendelea kumwagika. Bi Nakijwa alifunga bomba mwenyewe.

Siku hiyo saa kumi alasiri aliburuta kiti chake hadi kwenye mlango, Mlezi akamfungulia. Mlango wa Mzee Kiangi nao ulikuwa wazi. Alimwona ndani, koti limefungwa vifungo vyote, kimoja kimekosea tundu.

"Usiwauze wale majike," mzee alikuwa anauambia ukuta. "Unanisikia, Sefania? Uza madume."

"Nimekusikia, baba," ulisema ukuta.

Mazungumzo yalipokwisha, mzee alimwona jirani yake, akampungia. "Umemsikia kijana wangu?" alisema. "Kila siku, Mama Nietiwe! Kila siku ya Mungu. Wenzangu humu watoto wao wamewasahau, nawaonea huruma. Na wako je, anakupigia?"

Bi Nakijwa alikitazama kile kifungo kilichokosea tundu. "Ananipigia," alisema.

"Ndiyo uzazi huo," alisema Mzee Kiangi, na akaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, kwa fahari.

Siku mbili zilizofuata Bi Nakijwa hakulala sawasawa. Alijipa hoja zote mbili. Wewe una akili zako timamu, alijiambia, na unafutwa ukiwa hai. Asiyekuwapo na lake halipo, na wewe upo! Halafu akamwona yule mzee na koti lake. Anyang'anywe mwana mara ya tano, ili yeye apate simu? Ni roho gani hiyo? Lakini akikaa kimya, kimya chake Mlezi atakijazia maneno. Sauti yake itaendelea kucheka kila Jumapili Dodoma, hata yeye akiwa kitandani hawezi kugeuka. Hata akifa, pengine, mwezi mzima atakuwa hajambo. Wazo hilo lilimtia baridi ambayo sweta ya zambarau haikuifaa kitu.

* * *

Mkaguzi aliitwa Bi Mgonja, mwanamke nadhifu, mwenye haraka, kibao cha kuandikia mkononi. Alikuwa na vyumba arobaini na asubuhi moja. Wazee waliokuwa na nguvu waliketishwa ukumbini, Mzee Kiangi akiwa kiti cha pili kutoka kwa Bi Nakijwa, ameinamisha kichwa, anasinzia.

Mkaguzi alianzia mwisho wa safu. "Shikamoo babu, hujambo?" "Marahaba, sijambo." Anabonyeza kibao, anasogea. "Shikamoo bibi, hujambo?" "Marahaba, sijambo mwanangu." Anabonyeza, anasogea. Wala hakuwa na dharau. Aliwashika mikono, aliinama kwa heshima, na kila mmoja alimpa sijambo yake safi, naye akaipokea na kuondoka nayo. Jamani! Bi Nakijwa alitazama safu nzima ikipita namna hiyo, akaona kwamba Mlezi kazi yake hakuianzisha mwenyewe. Alifundishwa na watu.

"Shikamoo bibi, hujambo?"

"Marahaba. Sijambo."

Kidole kilibonyeza kibao. Mkaguzi aliinua mguu kwenda kwa anayefuata, na Bi Nakijwa akamshika mkono wa nguo yake. Mkono wake ulikuwa umezoea kushika vitu vinavyoteleza, haukuachia.

"Sijamaliza," alisema.

"Samahani bibi?"

"Nimesema sijambo kwa sababu umenisalimia na nina adabu. Sasa ngoja. Kaa hapo."

Mkaguzi aliangalia saa, akaangalia ule mkono, akaketi. Bi Nakijwa alimtazama Mzee Kiangi mara moja, ndevu zake zilizochanwa vizuri, koti alilolivaa leo tangu asubuhi kwa ajili ya mgeni. Nisamehe baba, alisema moyoni. Nisamehe, na hutajua hata kitu cha kunisamehe.

"Ila," alisema, "humu ndani nimekufa miezi minne iliyopita, na mtu mwingine anaishi kwa sauti yangu."

Alieleza yote. Kifua kilimkata mara mbili, akakohoa, akaendelea. Mkaguzi hakubonyeza kitu. Alipomaliza, mkaguzi aliuliza kwa sauti ya chini, "Unaelewa bibi kwamba zitazimwa zote?"

"Naelewa. Tena andika hivyo, kwamba nilielewa. Na andika kwamba wako watu humu zitawaumiza, na nawajua majina. Msinifanye mjinga wala malaika."

Saa sita mchana dari ilinyamaza. Mvua ukutani ilikatika, na kumbe ukuta wenyewe ulikuwa wa kijivu tu, na nyufa. Milango isiyo na vitasa ilibaki haina wa kuifungua, kwa hiyo Eliwaza alipita chumba kwa chumba akiiwekea ndala zisijifunge.

Saa kumi alasiri Mzee Kiangi aliketi wima kando ya kitanda. Saa kumi na moja alikuwa bado ameketi. Saa kumi na mbili Eliwaza alimvua koti, naye akamwuliza kwa upole kama leo ni siku gani.

* * *

Jumapili baada ya ibada, Eliwaza alimpa Bi Nakijwa simu yake mwenyewe ya mkononi, akatoka nje ili asisikilize.

"Halo?" ilisema sauti ya Nietiwe. Bi Nakijwa aliibana simu sikioni. "Halo? Nani mwenzangu?"

"Ni mimi. Mama yako."

"Mama yangu haongei hivyo," alisema Nietiwe, sasa kwa tahadhari. "Wewe nani?"

"Ulizaliwa umetanguliza miguu," alisema Bi Nakijwa, "na mkunga niliyemtegemea alikuwa mimi mwenyewe. Jina nilikupa kabla hujalia. Niulize kingine."

Akasikia pumzi upande wa pili. Halafu, kwa sauti ndogo ya mtoto, "Mama? Hujambo mama?"

"Sijambo. Ila miguu haipandi ngazi. Kifua kinabana. Na niko mpweke, Nietiwe. Mpweke mpaka nasalimiana na viatu vyangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Walikukatia."

Alimsimulia. Binti yake alilia, akalaani, akasema atawashtaki. Kisha kilio kikapungua, na kwenye kile kimya kilichofuata Bi Nakijwa, aliyekuwa fundi wa kusikiliza vimya, alisikia kitu kingine. Kwa miezi minne binti huyu alikuwa na mama asiye na shida. Alifunga simu kila Jumapili akaenda kupika, moyo mweupe. Na mama huyo leo amekufa, badala yake amepewa huyu anayekohoa.

"Pasaka sasa," alisema Nietiwe polepole. "Sijui mama. Nilikwisha kupanga vingine. Na ile barabara yenyewe... Nitaangalia."

Neno lilikuwa tayari ulimini. Lilikuja lenyewe, kama lilivyokuja mara tisini na zaidi: usijisumbue mwanangu. Bi Nakijwa alilishika kwa meno. Lilikuwa neno la mama yake, na la bibi yake kabla ya hapo, na kulimeza kuliuma kuliko kifua.

"Jisumbue," alisema. "Safari hii, mwanangu, jisumbue."

Nietiwe hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Alisema atapiga Jumapili ijayo, wakaagana.

Bi Nakijwa alikaa na ile simu mapajani mpaka ikazimika mwanga. Kwenye chumba cha mbele, Mzee Kiangi alikuwa anachana ndevu.

Saa kumi ilifika, ikapita. Aliinuka kwa kushika ukuta. Hatua sita za korido zilimchukua muda wa kuchemsha chai. Mlango ulikuwa wazi, umezuiwa na ndala ya Eliwaza, na mzee alionekana wazi pale kitandani, lakini yeye alisimama nje ya kizingiti.

"Hodi," alisema.

Kimya.

"Hodi."

"Sefania?" alisema mzee, akageuka na uso mzima.

Lingekuwa jambo rahisi kuitikia. Neno moja tu, na lisingemdhuru mtu yeyote katika dunia hii. "Hapana," alisema Bi Nakijwa. "Ni mimi Nakijwa, wa chumba cha mbele."

Uso ule ulishuka. Lakini yeye ni mtu aliyelelewa. "Karibu," alisema.

Aliingia, akavuta kiti, akaketi karibu naye, magoti kwa magoti. Kile kifungo cha koti kilikuwa kimekosea tundu tena. Hakukirekebisha, maana hakuombwa.

"Hujambo, Mzee Kiangi?"

"Sijambo," alisema mzee. "Sijambo kabisa."

Bi Nakijwa aliweka mikono mapajani akangoja, kama alivyokuwa akingoja kwenye vyumba vya wazazi, bila kuangalia saa. Nje ya ukuta huo wa kijivu alisikia mvua ya kweli ikianza, yenye sauti tofauti kabisa. Mzee aliangalia mlango. Akaangalia mikono yake. Midomo ikatikisika, ikatulia, ikatikisika tena.

"Ila," alisema.